Ili Viatu Visilowe

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtunza bustani alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi za bosi wake, akiziba mifereji ya matairi. Ilikuwa miwili, kuanzia karibu na geti hadi ngazi za baraza, kila mmoja una kina cha vidole sita. Kazi hiyo angeifanya hata akiwa amefumba macho. Unachoma uma wa kulimia pembeni mwa mfereji, unanyanyua nyasi taratibu bila kukata mizizi, unajaza chini yake udongo uliochanganywa na mchanga, unashindilia kwa kiganja, unamwagilia. Kisha unaziacha zipumzike siku mbili bila kukanyagwa. Hapo kwenye siku mbili ndipo shughuli ilipokuwa.

Bosi hakuwa mtu wa matusi. Alichojali ni viatu. Kutoka banda la gari hadi mlangoni kulikuwa na hatua thelathini, na kwake hatua thelathini za mvua zilikuwa nyingi kwa kiatu cha ngozi. Kwa hiyo kila jioni ya mvua alipitisha gari juu ya nyasi, akasimama pale ambapo akifungua mlango anakanyaga ngazi. Mtunza bustani aliwahi kumwomba vipande vya zege vya kupitishia matairi.

"Zege kwenye nyasi zangu?" bosi aliuliza. "Kwani wewe si unazirekebisha vizuri tu?"

Ni kweli alizirekebisha. Kwa miaka tisa, kwa woga, aliziba mifereji kabla bosi hajaamka, hata bosi hakuwahi kuiona vizuri. Hilo lilikuwa kosa lake mwenyewe na alilijua.

Alipomaliza hatua tatu za kwanza akainuka akachukue maji, mguu ukafika ukingoni mwa mfereji ukarudi ndani wenyewe. Akajaribu wa pili, nao ukarudi. Akaufuata mfereji hadi mwisho, hatua moja kabla ya geti, pale saruji ilipoanzia. Miguu nayo ikaishia hapo hapo. Akageuka, akaendelea na kazi.

Mke wa bosi alitoka jikoni ameshika simu ya mtunza bustani, aliyokuwa ameiacha ichaji.

"Baba, wamepiga wa kiwanja cha shule. Wamekuchukua. Uripoti Jumatatu saa moja."

Alikuwa ameiomba kazi hiyo mara nne. Kwenye kiwanja kile hata baiskeli hairuhusiwi kukanyaga nyasi.

"Mama, usisogee," alimwambia, lakini mama alikuwa ameshakanyaga mfereji wa kushoto. Alijaribu kutoka mara moja tu.

"Na wewe pia?"

"Tangu asubuhi."

"Haya," mama alisema, akamrushia simu. "Mimi hata getini sifiki zaidi ya mara mbili kwa mwezi. Hapa angalau kuna jua."

Jioni mvua ilinyesha na gari likaja. Bosi alipiga honi kwa adabu. Wawili hao wakatembea mbele ya taa, kila mmoja kwenye mfereji wake, hadi chini ya ngazi, gari likasimama kiganja kimoja nyuma ya migongo yao. Bosi akashuka mkavu.

"Chakula kiko wapi?" alimuuliza mkewe.

"Jikoni. Jipakulie."

Ukipima kwa rula, kina kilibaki vidole sita. Lakini Alhamisi ukingo uliwafika magotini, na Jumamosi jirani, mstaafu wa posta, alipochungulia juu ya ukuta aliwaona kuanzia kiunoni tu.

"Mzee, umejipanda mwenyewe?" aliuliza.

"Cheka tu. Nipe ndoo tatu za mchanga."

"Na mama naye unampanda?"

"Mimi niliota bila kupandwa," mama alijibu. "Lete mchanga, acha maneno."

Mchana huo mtunza bustani alimwomba bosi neno moja: gari lilale nje ya geti Jumamosi na Jumapili. Bosi alikubali bila kinyongo. Hata alimpongeza kwa kazi mpya.

Wakafanya kazi sambamba. Mama alishika mwiko wa jikoni, akajifunza kunyanyua nyasi bila kung'oa. Kadiri udongo ulivyopanda ndivyo nao walivyopanda. Jumapili saa kumi alasiri ukingo ulikuwa chini ya kifundo cha mguu, na kidole gumba cha mtunza bustani kiligusa nyasi za nje, zikiwa baridi.

"Alfajiri tutatoka," alisema.

"Mimi nikitoka nitapitiliza," mama alisema, akiangalia geti.

Saa kumi na moja jioni hiyo mvua ikashuka. Bosi alikuwa ameendesha hadi dukani kununua mkate, na alikuwa amevaa viatu vipya. Geti likafunguliwa. Akapiga honi kwa adabu.

Jumatatu saa tatu msimamizi wa kiwanja alikuja mwenyewe kumtafuta mtu wake. Akamshika kwapani, akavuta. Miguu ilitoka, ikarudi yenyewe kama mbuzi wanaolijua banda lao. Wakajaribu tena na jirani akasaidia, ikawa vilevile. Msimamizi akajifuta mikono, akatazama nyasi kutoka ukuta hadi ukuta.

"Kazi yako ni safi," alisema. "Ila sisi tunahitaji mtu anayeweza kuja."

Akamchukua jirani, ambaye hakujua chochote kuhusu nyasi lakini alikuwa na miguu yake.

Bosi alisikitika kweli. "Lakini kazi ya hapa ipo, sivyo?" alisema, akapanda ngazi.

Wiki iliyofuata alinunua gari lenye matairi mapana, maana la zamani lilikuwa linakwaruza tumbo kwenye nyasi. Mifereji ikapanuka. Sasa mama aliweza kuketi na kunyoosha miguu.

"Afadhali," alisema.

Mtunza bustani alikubali kwamba ni afadhali. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa geti. Akachukua uma, akaanzia kwenye ngazi, kimyakimya, kabla bosi hajaamka.