Maji Baridi ya Kang'ata

Mwalimu Bernadina alibakiwa na siku moja na fomu moja. Shirika moja la Korogwe lilikuwa likitoa ruzuku ndogo kwa walimu, kwa miradi ya elimu ya maji baridi, yaani maji ya mito, visima na malambo, yasiyo na chumvi. Yeye alitaka vifaa vya kuwafundisha watoto wa Kang'ata kupima maji ya lambo wanalochangia na ng'ombe. Wanafunzi wake tisa walikuwa wamelala na homa ya matumbo. Hafsa, mjukuu wa mwenyekiti wa kamati ya shule, alikuwa wodini wiki ya pili.

Kilichokosekana ni muhuri wa mwenyekiti huyo, Mzee Isihaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akavaa miwani, akasoma kichwa cha fomu, akanuna. "Maji baridi? Watoto wanaumwa kwa maji machafu, wewe mwalimu unawaombea maji ya friji?"

Bernadina akaeleza. Akaeleza tena, jasho likimtoka, bodaboda ikipiga honi nje. Ukiwa na haraka, kila mtu huwa mzito wa kusikia!

"Haya, nimekuelewa," mzee akasema mwishowe. "Kaniletee wino wa muhuri kwa mwalimu mkuu."

Aliporudi mbio, mzee alikuwa amekwishakata neno "baridi" kwa kalamu nyekundu, na juu yake ameandika "safi", kwa mwandiko wa kujivunia. Mzee akagonga muhuri.

Korogwe alifika saa tisa na nusu, nusu saa kabla ya kufungwa. Karani, dada mpole, hakufunua hata ukurasa wa pili.

"Fomu iliyokatwakatwa hatupokei, mwalimu. Jaribu mwakani."

Bernadina aliomba, akalia mbele za watu, mtu mzima na akili zake. Dada akampa kiti. Fomu nyingine hakuwa nayo.

Jioni alimkuta Mzee Isihaka akimsubiri barabarani, ametoka wodini, macho mekundu kwa kukesha.

"Hafsa leo hakula kitu. Lakini nimemwambia kwamba mwalimu wake kaenda kututafutia dawa ya lambo. Wamepokea?"

Bernadina akaisukuma fomu ndani ya mkoba.

"Lile neno lingetuponza, mwanangu. Namshukuru Mungu nililiona mapema."

Bernadina akamtazama yule babu.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Lingetuponza."