Darasa la Jikoni

Mama alipopigwa na kiharusi, Kitinda alikuwa kidato cha pili, na watu wote walimhesabu kuwa ameshaacha shule. Baba alikwishafariki. Kaka yake, fundi wa kuchomelea mageti, alitoka asubuhi na kurudi jioni. Wifi yake alikuwa na saluni na mtoto mchanga. Nani mwingine angemgeuza mama kitandani?

Ikatokea kwamba mwaka huohuo shule ilianzisha masomo ya nyumbani kwa wanafunzi waliobanwa na uuguzi, uzazi au kazi. Mwalimu wa fizikia akapangiwa kumfuata Kitinda mara mbili kwa wiki. Alikuja na ubao mdogo kwapani, wakakaa jikoni, mlango wazi ili binti amsikie mama akiita.

Kitinda alikuwa mwepesi wa kushika. Siku waliyosoma nyenzo alikwenda kumgeuza mama, akarudi anatabasamu.

"Mwalimu, nimeona. Goti langu ndilo egemeo, mama ndiye mzigo."

Kutoka chumbani mama, aliyebakiwa na maneno machache, akajikongoja kusema, "Mzigo... mzito." Wakacheka wote watatu, na mwalimu akaenda zake akiamini serikali safari hii imefanya jambo la maana.

Kidogo kidogo jikoni pakajaa. Kwanza wifi alimwacha mtoto "mara moja tu, nafika dukani." Halafu akawa anamwacha kutwa nzima. Kisha zikaja taulo za saluni, beseni kwa beseni. Kitinda alifua, mtoto mgongoni, mwalimu akimsomea kwa sauti. Siku nyingine alisinzia huku mikono imo ndani ya povu.

"Wifi yako hawezi kutafuta msaidizi?" mwalimu aliuliza.

"Wa nini, mwalimu? Si mimi nipo nyumbani."

Mama alifariki asubuhi moja ya mvua, Kitinda akimnywesha chai. Alidhani amekataa tu kumeza, akaendelea kumbembeleza mpaka chai ikamwagika shingoni.

Baada ya maziko mwalimu alimfuata kaka mtu kwenye karakana yake. Alimpa pole, kisha akasema sasa binti anaweza kurudi darasani na wenzake.

Fundi alivua miwani ya kuchomelea. "Arudi kufuata nini? Huu mpango wenu mimi nimeupenda. Anasoma, na nyumba inakwenda."

"Hasomi, kaka yangu. Anafua."

"Kwani wewe ukienda pale huwa unafanya nini?"

Mwalimu akaondoka, akaenda moja kwa moja shuleni. Mkuu wa shule naye akamwambia mlezi hajakubali, na kwa kuwa binti yumo kwenye mpango, hakuna wa kusema ameacha shule.

Ijumaa iliyofuata mwalimu alimkuta Kitinda anaanika taulo uani. Binti hakumkaribisha jikoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Usije tena."

Akadhani hakusikia vizuri.

"Ukija, wanasema nasoma," Kitinda akasema, akibana taulo kwenye kamba. "Majirani wanakuona na ubao wako, wanasema yule binti ana bahati. Usipokuja, labda mtu atauliza."

Mwalimu akageuka na ubao wake. Kesho yake aliuripoti shuleni ukweli wote, akagoma kwenda tena hata alipotishiwa kuhamishwa. Kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza kitu. Alipopita mtaa ule aliziona taulo kambani, akapitiliza.

Ofisa ustawi wa jamii alikuja muhula ukiwa unakwisha, akiuliza kwa nini masomo ya nyumbani yamesimama. Mabishano yalikuwa makali. Kaka mtu alimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba mwalimu ndiye aliyemtelekeza mdogo wake. Mwishowe mama mdogo, mjane anayeuza nguo za mitumba, akasema hataki maneno, akamchukua binti kwake.

Kitinda alirudi darasani akiwa nyuma ya wenzake, akakalishwa na watoto waliomwita dada. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa sabuni ya unga. Fizikia aliyoipenda ilikuwa imempita. Swali jepesi lilimshika asubuhi nzima. Kaka yake hakumsemesha tena.

Siku moja mwalimu alimuuliza kama anamlaumu.

Kitinda alivuta daftari lake. "Ulichelewa kuacha kuja," akasema, kisha akafungua daftari, akamwomba amweleze tena swali la kwanza.