Msimu wa Kichwa

...na kibuyu bado kiko upande wa wageni, bado, kimetoka kwa mshenga Simon kimekwenda kwa mjomba wa kijana, na mjomba anameza, anasifia, anameza tena, kunywa baba, kunywa polepole, huna haraka, ukimaliza wewe kitakwenda kwa Mzee Raphaeli, baba wa kijana, halafu kitavuka sebule kije kwetu, kwa kaka yangu Silvanus, halafu kwangu, mimi ni wa mwisho, baba wa binti, nikinywa Antonia ameposwa, nisipokunywa nimewafukuza wageni bila kufungua mdomo, ndivyo ilivyo katika ukoo wetu hapa Mbulumbulu, hata padre anajua na hasemi kitu, pombe ya asali, funda la baraka, mtu mzima gani anaogopa funda moja... mimi, mimi naliogopa, nimevaa koti la harusi yangu, na mshenga anasema kitu kuhusu barabara mbovu ya kwao Qurus na gari lao lililokwama, wote wanacheka, nami nacheka, nimechelewa kidogo, na chini ya jicho la kushoto kuna kile kitu, bado hakijawa maumivu, ni kama mtu anayegusa mlango tu kuona kama umefungwa... msimu umeanza, umeanza juzi, ng'ombe wakielekea mtoni, saa ileile ya kila mwaka mvua zikikaribia, tulipanga posa iwe Januari nikiwa mzima, nikiwa mzima naweza kunywa na wenzangu mpaka jua lizame na hakuna kitu, lakini bibi wa kijana akafariki, posa ikasogezwa, ikasogezwa tena mpaka ikaangukia hapa, na ningesema nini, ningesema jamani ngojeni kichwa changu kipite? ndani ya msimu funda moja linatosha, halijatulia tumboni na jicho linaanza kububujika, moja tu, la kushoto, pua nayo upande uleule, kope inashuka, halafu msumari, hapana, si msumari, msumari ukishaingia unatulia, hiki kinaingia na kuendelea kuingia, wenye vichwa vya kawaida hutafuta kitanda na giza, mimi siwezi kulala, siwezi hata kukaa, natembea, nanguruma, nagonga paji la uso kwenye nguzo ya zizi ili maumivu yahame kidogo, mzee mzima mwenye ng'ombe na mabinti wa kuolewa... na ndivyo walivyonikuta wageni wa Veronika, binti yangu wa kwanza, siku ya posa yake, nilikunywa kwa adabu zote, nikatoka kabla sala haijaisha, wakanifuata nyuma ya nyumba wakaniona nagonga kichwa, nalia jicho moja, kamasi kwenye ndevu, na mke wangu Laurencia akasimama kati yangu na wao akasema, "Mtusamehe jamani, amelewa, alianza tangu asubuhi," nao wakasema aa, kumbe, wakaaga vizuri sana, na hawakurudi.

Amelewa... ni mimi niliyemfundisha kusema hivyo, na hata mimi nilifundishwa, na bosi, enzi zile nikiendesha watalii, nikiwateremsha kreta asubuhi na ukungu, na kule juu ukingoni, ile hewa nyembamba, kichwa kilikuwa kama kinaitwa kwa jina, nawaambia wageni ngojeni niangalie tairi, nazunguka nyuma ya Landrova nachuchumaa, najimwagia usoni maji ya baridi ya dumu, nauma mkono wa shati, na wao wanapiga picha nyati, mpaka siku moja mmoja wao akalalamika, na bosi akaniita, akatazama jicho jekundu na kope iliyolegea, akasema, "Unaendesha wageni umelewa?" na mimi, sijui ni nini kilinipata, nilisikia nafuu, kweli, nafuu, nikasema nisamehe bosi, nikakabidhi funguo, kwa sababu ulevi watu wanaujua, kila ukoo una mlevi wake, anachekwa na maisha yanaendelea, lakini mwenye kichwa... nilimwona baba, mvua zikikaribia alikuwa anazunguka zizi kiganja kikiwa juu ya jicho, wakasema ana mapepo, majirani wakaanza kupita njia ya juu, shangazi zangu wawili wakazeekea nyumbani, hakuna aliyekuja kuwaposa, na baba alikufa akiamini kweli ana pepo, hakumpata mtu wa kumwambia kama mimi nilivyompata Daktari Ndeshi, yule mama wa Kimachame, Laurencia alinipeleka kwake kwa nguvu, akanikalisha, akanivika kinyago cha oksijeni, akasema vuta, vuta baba, usilale, kaa hivyohivyo uvute, na kile kitu kikatoka, jamani, kikatoka kama mtu anayevaa viatu na kwenda zake, nikalia, na safari hiyo nililia macho yote mawili, na akaniambia, nakumbuka kila neno, "Baba, hujarogwa wala huna wazimu, na hiki si kipandauso, ni kingine, kikali kuliko hicho, kinakuja kwa msimu, ndani ya ubongo kuna sehemu inayotunza saa ya mwili, ndiyo inayokuamsha asubuhi, kwako ile saa ikifika msimu wake inauchokoza mshipa wa fahamu wa uso, na kwa nini wewe na si jirani yako, hapo hatujui yote, huenda umezaliwa nayo, ila pombe ndani ya msimu ni kujiwashia moto mwenyewe," na mimi badala ya kumuuliza dawa nikamuuliza, "Daktari, binti zangu wataolewa?" akacheka, kisha akaacha kucheka, akasema, "Kwa nini wasiolewe?" na ningemweleza nini mtu wa Machame, kwamba kwetu mshenga anauliza kifafa, anauliza wazimu, anauliza mpaka kaburi la babu... na njiani kurudi nikamwambia Laurencia usimwambie mtu, akaniuliza, "Wakiniuliza niseme nini?" nikasema sema nimelewa, akasimama palepale barabarani na vumbi lake, akasema, "Baba Veronika, unataka niwe mke wa mlevi?" nikasema ni kwa ajili ya watoto, na tangu hapo kila Kwaresima anakwenda kuungama, ananiambia bila hasira, naenda kuungama uongo wako, na mimi nasema haya, na namtania, nasema mwambie padre mumeo anakusalimu. Naona aibu hata kuukumbuka utani huo.

Mzee Raphaeli amekipokea kibuyu, anakiinua, anakitikisa asikilize kilichobaki, na anasema kwa sauti ya utani wa wakwe, "Nimwachie mwenzangu kidogo tu jamani, tumesikia habari zake, kikifika kule hakirudi!" na sebule inalipuka, Silvanus anacheka kuliko wote, ananipiga kiwiko, "Umesifiwa hiyo, baba Veronika!" nami nacheka, nacheka vizuri sana, nimekuwa hodari, na Laurencia kwenye kona ameinamia pindo la kanga yake, analikunja, analikunjua, na Antonia amesimama mlango wa jikoni na sinia la vikombe, yeye hacheki, ananitazama mimi, na ndipo linaponirudia, asubuhi ya leo, alinifuata zizini kabla sijamaliza kukamua, akasema kwa upole kama anayesema na mtoto, "Baba, nakuomba, leo tu, usinywe kabla hawajafika," na nikamjibu, "Sawa mwanangu," nikainamisha kichwa, nikajibu kama wanavyojibu walevi... na mwaka jana nilimkuta ghalani anafukunyua nyuma ya magunia ya maharage, nikadhani anatafuta mayai, mayai gani, alikuwa anatafuta chupa, mtoto wangu alikuwa anatafuta chupa zangu, na hakuziona, kwa sababu hazipo, hazijawahi kuwepo, na atakuwa alisema moyoni baba anajua kuficha... nilisema ni kwa ajili ya watoto, niliwakinga na neno moja nikawapa jingine, na hilo jingine wamelibeba shuleni, kanisani, kisimani, na Veronika yuko Arusha anashona nguo za maharusi wa watu, kila Krismasi ananiletea sweta na kuninusa akinikumbatia, ananinusa, nilidhani ni mapenzi tu... funika kombe, si ndiyo, niloweshe midomo tu na kujifanya nameza? lakini wa mwisho anamaliza, anakigeuza kibuyu juu chini wote waone hakidondoshi, wataona, au ninywe na nikimbie, na Laurencia atasimama katikati tena, namwona, tayari ameacha kukunja kanga, anakaa wima, anajiandaa, maskini, na Mzee Raphaeli anakunywa sasa, koo linapanda na kushuka, na Silvanus amenyoosha mikono, ananinong'oneza bila kunitazama, "Kikifika kimalize kwa adabu, usituaibishe," na kile kitu chini ya jicho kimegusa tena mlango... sema nini, mtu anaanzaje, Mzee Raphaeli mwenzangu, mimi si mlevi, mimi nina ugonjwa wa kichwa, baba yangu alikuwa nao, si pepo, una msimu wake, na kibuyu hiki nitakimaliza mvua zikipita, mbele yenu, nitakuja mpaka Qurus nikimalize kwenu, hivyo, kwa sauti ya kawaida, na watatazamana, na mshenga Simon atauliza kwa nini alipouliza magonjwa ya ukoo tulimwambia hakuna, na wanaweza kuchukua kofia zao, kweli, wanaweza, na Antonia anaweza kuweka chini lile sinia asinisemeshe mpaka nife, nimelifikiria hilo, lakini atakuwa amenichukia mimi, baba yake, mimi mwenyewe na kichwa changu, si yule mlevi niliyemtunga nikamwachia anilelee wanangu... Silvanus anakunywa, anafuta mdomo kwa kiganja, anasema ni tamu, na ananigeukia na kibuyu.