Nyumba ya Vigingi

Natoa taarifa hii nikiwa na akili timamu, nimeshiba, na bila ya kumwonea wivu mtu yeyote. Hilo la mwisho si kweli, lakini taarifa rasmi huanza hivyo.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka wa kwanza baada ya Uhuru. Shule yetu ya bweni ilikuwa imefungwa, na ofisi ya nyumba ya hapa Kwale ikachukua wanafunzi wawili wajifunze kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kuchunguza jinsi wananchi wanavyoishi, kisha kubuni nyumba ya bei nafuu ambayo mkulima wa kawaida angeweza kuijenga. Mwanafunzi wa kwanza nilikuwa mimi, Mwero. Wa pili alikuwa Kanyiva, msichana ambaye wazazi wake walitoka Ukambani walipopewa shamba Shimba Hills.

Mkubwa wetu, Bwana Abdurahman, alitueleza mambo waziwazi siku ya kwanza.

"Kila mmoja atabuni nyumba yake. Wananchi wenyewe ndio watakaoamua. Mwenye nyumba itakayopendwa nitakwenda naye Mombasa akaieleze mbele ya wakubwa, na likizo ijayo ataitwa tena hapa."

Jioni ile niliwatangazia watu wa nyumbani kwamba nakwenda Mombasa. Mama akaipiga pasi suruali yangu ndefu, akaitundika ukutani ili majirani waione.

Kisha Bwana Abdurahman akampa Kanyiva futi kamba ya kupimia.

Wasomaji ambao hawajapata kuiona futi kamba ile wanastahili kuhurumiwa. Ilikaa ndani ya kasha la ngozi la mviringo, na ubavuni ilikuwa na kijishikio cha shaba cha kuizungushia irudi ndani. Ilipokuwa ikirudi ilitoa mlio mwembamba, kama panzi mwenye adabu. Mimi nilipewa gunia la vigingi.

"Wewe una mabega, Mwero," alisema Bwana Abdurahman.

Sikuwahi kuyachukia mabega yangu kama siku ile.

Tulizunguka nyumba kwa nyumba. Kanyiva alikuwa akiinama, akisema, "Shikamoo, mama. Moshi wa jikoni hutokea wapi?" Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya bara, na kila alipokosea, akina mama walimsahihisha, wakacheka, wakamletea kigoda. Wakamweleza moshi, paa linalovuja, mchwa, na mume anayekoroma. Mimi nikiuliza swali hilohilo kwa Kiswahili safi kabisa, waliniuliza mimi ni mtoto wa nani, kisha wakanituma maji.

Ulipofika wakati wa kubuni, Kanyiva alichora vyumba viwili vya kulala, sebule mbele, jiko nyuma, vyote chini ya paa moja, na mlango mmoja tu mbele ya nyumba. Mimi nilichora ukumbi mmoja mrefu wenye vitanda safu mbili, vikitazamana. Karibu na mlango niliweka chumba kidogo chenye dirisha la kuchungulia ndani.

Kanyiva aliutazama mchoro wangu.

"Mwero, hili si bweni?"

"Ni nyumba ya kisasa."

"Na hiki cha mlangoni ni cha kiranja?"

"Ni cha baba mwenye nyumba," nilimjibu kwa heshima kubwa.

Hakucheka. Angecheka, ningemsamehe mengi. Alizungusha kijishikio chake cha shaba, akarudi kwenye mchoro wake.

Hapo ndipo nilipouona mlango ule mmoja. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapishani mlangoni. Akimwona njiani, huacha njia akaingia majanini. Katika nyumba ya Kanyiva mtu hangeweza kufika jikoni wala chumbani bila ya kukatiza sebuleni, na sebuleni ndipo bibi kizee hukaa. Kwao bara huenda mambo ni mengine, kwa hiyo hakulijua hilo. Mwenzake mwema angemwambia. Mimi nilinyamaza, kwani nilifundishwa shuleni kutozungumza wakati mwenzangu anafanya kazi.

Siku ya uamuzi tulikwenda kijiji cha Mkongani. Nyumba zote mbili zilichorwa uwanjani kwa vigingi na kamba za katani, kwa ukubwa wake halisi, na watu wakaombwa waingie waishi humo asubuhi nzima: wapike, wapumzike, wapokee wageni. Nilijitolea kuwachagua wakazi wa nyumba ya Kanyiva. Nilimchagua Chome, mkewe, na mama mkwe wake, Bibi Kahaso. Bibi nilimkalisha sebuleni juu ya mkeka. Chome nilimwambia akalime kidogo, kisha arudi na njaa.

Alirudi, jembe begani, akafika mlangoni. Akamwona Bibi Kahaso. Papo hapo akageuka, akaupa uso wake mkorosho uliokuwa pembeni.

"Hodi," aliuambia mkorosho.

Bibi Kahaso alijifunika kanga hadi kichwani.

"Ingia, Bwana Chome," alisema Bwana Abdurahman.

"Nipite wapi, Bwana? Nyumba imejaa."

"Imejaa vipi? Sebuleni kuna mtu mmoja tu."

"Huyo mmoja ndiye aliyejaa."

Watu walicheka hadi wakashikana. Mkewe akapaza sauti kutoka jikoni, "Sima inapoa!"

"Nirushie!"

"Nikurushie juu ya ukuta? Unaona mwenyewe ukuta ulivyo mrefu!"

Ukuta wenyewe ulikuwa kamba iliyomfika mtu magotini.

Nilisimama. Nilikuwa nimetayarisha hotuba iliyoanza na maneno "Kwa masikitiko makubwa." Lakini Kanyiva alikuwa ananitazama, na nikatambua kwamba amejua. Alijua ni nani aliyewachagua wale watu, na kwa nini. Macho yake yalijaa machozi kidogo, kisha yakakauka. Alipita mbele yangu kama ninavyopitwa na upepo, akachutama kando ya mkeka.

"Bibi, nisamehe. Nimejenga vibaya. Yeye angepita wapi?"

Kidole kilitokeza chini ya kanga. "Uani, mwanangu. Toboa pale."

Kanyiva aling'oa kigingi. Basi ikawa kama mtu amefungua bomba. Mama mmoja akataka jiko litengwe na nyumba, na ukumbi mwembamba upite katikati. Mwingine akataka baraza nje, ili mgeni asiyejulikana asiingie ndani. Wazee wawili waligombana kuhusu upande wa upepo. Futi kamba ilikuwa ikilia kila upande.

"Mwero, kigingi!" aliita Kanyiva. "Mwero, kingine!"

Nikavigonga. Nilikuwa na mabega.

Mwishowe Chome alizunguka nyuma, akapita mlango mpya, akala sima yake akiwa na ukumbi mzima wa hewa kati yake na mkwewe. Kanga ikashuka. Bibi Kahaso akasema nyumba hii sasa ina adabu.

"Nani aliyewachagua watu hawa?" aliuliza Bwana Abdurahman.

"Mimi," nilisema, nikitarajia makofi ya mashavuni.

"Vizuri sana! Bila wao tusingaliliona jambo hili kamwe!" Kisha akamgeukia Kanyiva, akampongeza yeye.

Wakahamia kwenye nyumba yangu. Mzee mmoja aliuliza aliyefungwa humo ameshtakiwa nini. Chome aliuliza kengele hulia saa ngapi. Bibi Kahaso alizitazama zile safu mbili za vitanda, akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, na mimi nilale safu gani? Ya wanaume?" Hakuna aliyeingia. Mbuzi mmoja aliingia, akatoka.

Landrova iliondoka alasiri ileile kwenda Mombasa. Kanyiva alikaa mbele, futi kamba mapajani, akainama dirishani.

"Asante kwa Bibi Kahaso," aliniambia.

Niliitafuta kejeli katika sauti yake, maana ningeipata ningeweza kulala. Sikuipata. Gari likapinda, na mimi nikabaki na gunia, nikiifikiria suruali yangu iliyonyooka ukutani. Mama angeniuliza. Majirani wangeuliza kabla yake.

Nilianza na nyumba ya Kanyiva, kwa hamu ya kuivunja. Niliruka kamba nikaingia.

"We!"

Bibi Kahaso alikuwa bado sebuleni, juu ya mkeka wake.

"Unapita ukutani kama mwizi?"

"Bibi, nang'oa vigingi tu."

"Utang'oa nikishaondoka. Nyumba ina milango miwili, na wewe umepita ukutani. Toka!"

Nilitoka. Nilisimama mbele ya mlango wa Kanyiva, gunia begani, vumbi la gari likiwa bado hewani.

"Hodi," nilisema.

"Nani?"

"Mwero."

"Mwero wa wapi?"

"Wa ofisi ya nyumba."

Aliiweka kanga yake sawa.

"Karibu. Lakini ufute miguu."

Nikaifuta.