Springi za Kubebea Keki

Mimi nina hasira za karibu. Mtu akiniambia gari langu linayumba kwenye kona, naona kama amenitukania mama. Na huko mashindanoni ndiko tunakosemana vizuri. Jumamosi mbili kwa mwezi tunakutana kwenye uwanja wa lami nyuma ya maghala, watu wa kawaida na magari ya kawaida: mwalimu wa hesabu, muuza nyanya, daktari wa meno. Tunapanga koni za plastiki, kisha kila mmoja anapita peke yake huku anapimwa kwa saa. Hakuna zawadi zaidi ya kujisifu. Mimi najua kujisifu, kwa hiyo inanitosha.

Gari lenyewe, tukisema kweli, ni la dada yangu. Siku za kazi linabeba keki zake. Mimi nachanganya rangi dukani, nina miaka ishirini na tisa, na bado napewa ufunguo na mtu aliyenikata kucha tangu nina miaka tisa, baba na mama walipotutoka mwaka mmoja. Yeye alikuwa na kumi na nane. Aliacha shule akaanza kuoka.

Basi kuna jamaa mmoja uwanjani tunamwita Breki, kwa sababu hazitumii. Yeye ndiye aliyeropoka kwamba gari langu linalala kwenye kona kama mgonjwa. Wiki hiyohiyo nilinunua springi ngumu za mashindano nikazifunga mwenyewe, juu ya shokapu zilezile zilizochoka, zisizoweza tena kutuliza mrusho wa gari. Muda wangu ukapungua sekunde mbili nzima. Nilirudi nyumbani nikiwa nacheka kuanzia getini hadi jikoni. Dada aliacha kukoroga, akanitazama, akacheka na yeye.

Baada ya hapo akawa anaoka keki bapa, za tabaka moja. Nilimuuliza zile za ghorofa zimekwenda wapi.

"Zimepitwa na wakati," alisema. "Watu siku hizi wanataka vitu vifupi."

Nikaamini. Kwenye mambo ya keki mimi ni mlaji tu.

Miezi miwili baadaye nilikwenda kwa fundi nikataka springi ngumu zaidi, maana Breki alikuwa bado ananipita kwa sehemu ya sekunde. Fundi wetu tunamwita Sikio. Ana sharti lake moja ambalo limewakimbiza wateja wengi: hagusi hata nati moja mpaka mwenye gari akae siti ya nyuma, na yeye aendeshe. Nilikuwa nimemkwepa kwa sababu hiyo.

"Dereva ni mimi," nililalamika.

"Ndiyo maana hulijui gari lako. Panda nyuma."

Alishika njia mbovu inayozunguka gereji. Kwenye tuta la kwanza niligonga kichwa kwenye paa. La pili niliuma ulimi. Yeye anapiga mluzi tu. Tulipofika mwisho akazima gari, akanigeukia.

"Mke wangu alitaka keki ya ghorofa tatu. Binti yetu anahitimu uuguzi Jumapili. Dada yako kamwambia hawezi. Moja ilimwangukia hapo ulipokaa, nyingine ilipasuka katikati, zote akaoka upya kwa mfuko wake. Sasa keki ndefu hazipokei kabisa. Nilidhani unajua."

Sikujua. Nilikaa pale nyuma huku ulimi unaniwaka, nikaona krimu iliyokauka kwenye mshono wa siti. Gari hili naliosha mimi, kila Ijumaa, na nasugua rimu mpaka najiona uso. Siti ya nyuma sikuwahi kuiangalia. Nilisikia aibu ambayo sijui niieleze vipi.

"Zitoe," nikamwambia. "Rudisha za zamani. Mashindano basi."

"Hasira hizo nazo! Nani kasema basi?"

Akachukua chaki akapaka kingo za matairi yote manne, akanituma nikate kona kadhaa kwa kasi. Niliporudi, chaki ya mbele ilikuwa imefutika hadi ubavuni mwa tairi. Ya nyuma ilikuwa haijaguswa sana.

"Umeona? Mbele inabeba mzigo peke yake, nyuma inasindikiza. Na kwenye mashimo unarukaruka. Tairi likiwa hewani halikati kona, bwana. Linatalii."

Tukachagua pamoja, kifaa kimoja baada ya kingine. Springi za ugumu wa kati. Shokapu mpya ambazo ukali wake unaongezwa na kupunguzwa kwa kuzungusha kitufe. Na nyuma, stablaiza nene, ile fimbo ya chuma inayounganisha tairi la kulia na la kushoto: gari likitaka kulala upande inalizuia, lakini matairi yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja haina neno. Nilimwachia rimu zangu za kung'aa kama sehemu ya malipo, akanifungia za kawaida, na deni lililobaki akasema tutaelewana.

Jioni nilimwambia dada nimeshapokea oda ya mke wa fundi. Ghorofa tatu.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Na ikianguka?"

"Nitailamba hapohapo barabarani, watu wakiona."

Aliguna, akanuna, akatoa vyombo vikubwa kabatini.

Jumamosi nilishika nafasi ya tatu. Nilipoteza muda kidogo kwenye lami laini, nikaurudisha wote kwenye kile kipande kilichochimbika ambako wenzangu wanaruka kama vyura. Breki alichungulia chini ya gari langu kwa muda mrefu. Siku nyingine ningelitangaza hilo mji mzima, lakini safari hii roho yangu ilikuwa kwenye Jumapili.

Jumapili nililegeza vitufe vya shokapu, tukaondoka kwenda kwa fundi. Dada alikaa nyuma, amekumbatia boksi la keki kwa mikono miwili. Tuta la kwanza likapita. La pili. Kwenye njia mbovu ya gereji nilitazama kioo, nikamwona anaiondoa mikono polepole, mmoja, halafu wa pili, akaiweka mapajani. Keki imetulia.

"Dada, kwa nini hukuniambia?"

Alilikagua boksi kwanza.

"Siku ile uliingia jikoni unacheka," alisema. "Tangu tulipowazika wazazi sikuwahi kukusikia ukicheka kwa sauti ile. Miaka ishirini, mdogo wangu. Nikuambie nini tena? Habari za keki?"

Nikaegesha pembeni, maana barabara nilikuwa siioni. Nilimshukuru bila mpangilio: asante ya kucha, asante ya ada, asante ya ufunguo, asante ya zile keki mbili alizozoa peke yake na kuifuta siti nisijue. Nilisema kwamba kila nilichowahi kuwa nacho kimepita mikononi mwake kwanza. Nililia, sifichi.

Yeye naye alikuwa anajifuta kwa upindo wa kanga. Halafu akanipiga kofi dogo begani.

"Haya, nimesikia. Washa gari. Krimu haisubiri watu wanaolia."