Bano Lililofungwa Mlangoni

Saa kumi kamili Mabano alizima kompyuta, akachukua mkoba, akaaga. Kazi yake ilikuwa kutunga programu, na jina hilo alipewa kwa mazoea ya kuhesabu mabano kwa kidole, asije akaacha moja wazi. Katika programu, kilichotajwa ndani ya mabano, nje yake hakijulikani.

Jumatatu hiyo, pale nje ya mlango wa ofisi, mlinzi aliyemtania kila siku alimuuliza anamtafuta nani. Nyumbani mumewe alimfungulia kwa adabu. Binti yao wa miaka sita alichungulia nyuma ya baba yake.

"Baba, huyu nani?"

Mabano akarudi alikotoka. Asubuhi ofisini wote walimjua, na utani ulikuwa uleule.

"Nimefunga bano lako mlangoni," bosi alisema, akikoroga chai. "Saa kumi ikigonga tu, wewe huyoo! Umezidi, dada."

Mabano mwenyewe ndiye aliyempa bosi kisanduku cha kuandikia amri kwenye kompyuta: chochote kilichoandikwa humo, programu ilikitekeleza papo hapo, hata kwa watu. Alipaswa kuweka ukaguzi wa kinachoandikwa. Bosi akamharakisha, naye akasema atauweka kesho, kisha akasahau, maskini.

Sasa akaandika humo: binti yangu ananijua. Amri ya bosi, aliyoiandika humohumo, ilitoka hadi nje; yake iliishia ndani ya mabano aliyofungiwa. Idara nzima ikaanza kumuuliza hali ya binti.

"Fungua, bosi, nakuomba. Nina mtoto."

"Tukimaliza mradi."

Mwezi wa pili wa kufungiwa huko, kiyoyozi cha ofisi kiliharibika. Fundi aliyeitwa alikuwa mumewe, naye alikuja na binti kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Walipovuka kizingiti tu, mtoto akapiga kelele.

"Mama! Mbona hurudi nyumbani?"

Akamrukia shingoni. Mumewe aliangusha bisibisi, akalia bila haya. Mabano aliwakumbatia wote wawili, akanusa nywele za mtoto, zilizosukwa ovyo na baba, na furaha ikamtetemesha.

Kiyoyozi kilichukua dakika arobaini.

"Nabaki na mama," mtoto alisema.

"Hapa si chekechea," bosi alijibu.

Watu wa ofisi wakambandua mtoto kidole kimoja kimoja, wakamtoa yeye na baba yake. Mabano alikimbilia dirishani, akalifungua, akawaona wakitokea barabarani, mashavu ya mtoto bado yamelowa.

"Baba, mimi nalia nini?"

"Sijui, mwanangu," fundi alisema, akijifuta machozi yake. "Labda vumbi. Twende."

Bosi akafunga dirisha, baridi isipotee.