Tangi la Samaki kwenye Sebule ya Wageni

Shauki alipostaafu posta ya Aleksandria alitaka kitu kimoja tu: tangi kubwa la samaki, na mahali pa kukaa alitazame. Tangi lilikuwa jambo dogo. Kazi ilikuwa hapo pa kukaa, maana fundi Zaghlul aligonga kuta zote za nyumba, kisha akasema tangi refu kama kitanda, likijaa maji, litahimiliwa na sehemu moja tu, ile yenye nguzo chini yake. Nayo ilikuwa sebule ya wageni.

Sebule ile ilikuwa milki ya Inshirah, mkewe. Viti vyake vya dhahabu vilivaa plastiki tangu harusi yao, na ufunguo alilala nao. Mume mtu alinyweshwa chai jikoni, juu ya kigoda, miaka yote hiyo.

"Hapo pana kioo changu cha kujitazamia," Inshirah alisema.

"Kihamishe, Mama Nermini."

"Halafu wewe uwe unaingia humu kila siku na soksi zako?"

"Nitaingia kulisha samaki. Nao si wageni?"

"Mgeni hula akaenda kwao, Baba Nermini. Hawa wataondoka lini?"

Zaghlul alishachoka. "Mama, hebu kaa kwenye kiti hicho cha mgeni. Nataka nijue macho yanafika wapi, ndipo nipange urefu wa tangi."

Inshirah alisita. Hakuwahi kukaa humo. Yeye huingia na sinia, akatoka na sinia. Akakaa ukingoni, akamtuma Shauki akaepue birika.

Akainua macho. Kisha akasema, "Rudisha hiyo kofta sufuriani."

Shauki akatokea mlangoni, shavu limejaa. "Umenionaje? Si kuna ukuta?"

Inshirah alikuwa amekikodolea macho kile kioo. Mlango ukiwa wazi, jiko lake lote lilionekana humo, hadi ndala zake. Kiti hicho ndicho alichokalia Hajja Dawlat, jirani wa juu, kila Ijumaa. Na kila Ijumaa Inshirah alikimbilia jikoni kumbenulia midomo na kumwigiza anavyotafuna.

"Ndiyo maana hucheka peke yake," alisema. "Nami nikidhani ni uzee."

Shauki alicheka hadi akapaliwa.

"Fundi, kioo kinatoka leo. Tangi lifike darini."

"Likifika darini, sakafu haitabeba, mama."

"Basi panda majani, panga mawe, kioo chake kisinionyeshe hata kisigino."

Zaghlul alimwomba ainuke apime. Hakuinuka. Aliegemea, akapapasa mkono wa kiti, na hasira ikamtoka, akabaki na huzuni. Kiti kizuri hivi, kilikuwa cha watu wa kumcheka.

"Baba Nermini," alisema, "unangoja nini hapo mlangoni? Njoo ukae."

Shauki alikaa taratibu sana, kama anayeogopa kuamshwa ndotoni.